Kiraka Kilichokataliwa

Ndugu msomaji, mimi sikusomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne katika shule moja ya kata huku chini ya mlima Meru, na masomo yaliyonibeba ni Kiswahili na Historia. Fizikia tuliachana kwa amani. Kwa hiyo ukiniona leo naandika habari za viini vya kompyuta na vioo vyake, usidhani nimepotea njia. Nimefikishwa huku na riwaya.

Riwaya yenyewe naiandika kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, niliyoinunua kwa fundi mmoja wa Ngarenaro kwa fedha za vibarua vya miezi minne. Kwa kuwa ni mzee wa kazi na haiwezi kubeba mifumo mikubwa ya siku hizi, fundi aliiwekea Linux, mfumo usiouzwa. Tukaishi vizuri. Usiku mmoja wa masika, sura ya tisa ikiwa katikati, mashine iliomba ruhusa ya kujisasisha nami nikakubali bila kufikiri. Ilipojiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi tii. Feni inaunguruma, taa ya kijani inawaka, ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa kataa kake kanaitika. Mashine iko hai, inasikia, lakini haionyeshi kitu. Sisi wa Arusha hali hiyo tunaijua: kuna wiki za mwezi wa Julai ambapo mgeni anaweza kukubishia kabisa kwamba pale nyuma ya wingu upo mlima wa zaidi ya mita 4,500.

Asubuhi fundi akaja, mikono mfukoni.

"Chalii yangu, acha kusononeka. Mashine haijafa. Draiva ya kioo imegombana na kerneli, basi."

Akaiwasha, akaikatiza kabla haijafika mbali, akachapa neno moja la kuiamuru isihangaike kupanga ukubwa wa picha. Kioo kikarudi, ila herufi zilikuwa kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara.

"Hii ni ya kuzugia tu," akasema. "Kuna mtu huko kabadilisha kitu, kakosea."

"Mtu gani, braza?"

"Ukitaka kumjua utamjua. Kila badiliko lina jina la mtu na sababu yake. Hata waliolipinga wameandikwa."

Kauli hiyo ndiyo iliyonikamata. Ni kwamba mwezi uleule mswada wangu wa hadithi fupi ulikuwa umerudi kutoka kwa mchapishaji mmoja, jina nalihifadhi, baada ya kukaa kwake miezi kumi na moja. Haukuwa na alama hata moja pembeni. Sikujua kama ulisomwa au ulikuwa ukiwekewa vikombe vya chai. Sasa naambiwa kuna watu duniani ambao wakiikataa kazi yako wanakueleza kwa nini, mbele ya kila mtu, na maandishi yanabaki! Nikaanza kuichimba historia yao, na haya ndiyo niliyoyatoa.

Kwanza tuelewane maneno. Kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta: ndiyo inayogawa kumbukumbu, muda na vifaa kwa programu nyingine zote. Draiva ni kipande cha kerneli kinachojua lugha ya kifaa kimoja, hii ya printa, hii ya spika, hii ya kioo. Jina limekaa vibaya kidogo, maana kwa desturi za vifodi vyetu anayefanya kazi hiyo si dereva bali konda. Abiria anamwambia konda "shusha", konda anagonga bati, gari linasimama. Abiria hana haja ya kujua breki ziko wapi. Maandishi ya programu nitayaita msimbo. Wapo wanaosema kodi, lakini kodi kwangu ni ile ya mwenye nyumba na siwezi kuitamka bila kushtuka. Badiliko linalopendekezwa liingie kwenye msimbo huitwa kiraka. Na kazi ya kukisoma kiraka, kukiuliza maswali, kukipitisha au kukirudisha, nitaiita uhakiki, neno lilelile la darasani tulipokuwa tukitafuta dhamira na mbinu za kisanaa. Tofauti ni kwamba mhakiki wetu wa fasihi anakuja kitabu kikiwa kimeshachapwa, pengine na mwandishi ameshazikwa. Mhakiki wa kerneli anakuja kabla.

Kabla hatujaenda Ulaya, tukumbuke kwamba nchi hii nayo iliwahi kuihakiki kompyuta yenyewe, ikaikataa. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali ndani ya mashine haikwenda vizuri, wizara ikarudi kwenye madaftari na kalamu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikakumbwa na rungu hilohilo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza kurusha matangazo. Wazee wetu wengi walikua hawana kioo chochote nyumbani isipokuwa kile cha kunyolea ndevu.

Siulaumu uamuzi wenyewe. Nchi maskini iliyoungua vidole ina haki ya kuogopa moto. Nalaumu namna ya kukataa. Maana kuna "hapana" na kuna "hapana mpaka urekebishe hapa na hapa". Ile ya 1974 ilikuwa ya namna ya kwanza, na ilichukua miaka mingi kulegezwa.

Namna ya pili wala si ya kigeni kwetu. Nenda Kaloleni, utalikuta jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 kujadili rasimu iliyoletwa na Mwalimu Nyerere, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Shuleni tulikariri Azimio. Mimi nilitamani kusoma mabishano ya zile siku nne: nani alisimama, alipinga sentensi ipi, akajibiwaje. Nani aliwahi kukufundisha hilo, msomaji?

Haya, twende Finland. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo mdogo kwa ajili ya kompyuta yake ya 386, akasema ni wa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni inayoitwa GPL: nakili, badilisha, gawa, mradi na wewe usimnyime mwingine uhuru huohuo. Watu wakaanza kumtumia viraka. Mwanzoni alivisoma mwenyewe. Vilipomzidi, wakatokea wasimamizi wa sehemu, huyu wa mtandao, yule wa diski, yule wa picha, kila mmoja akihakiki vya upande wake kabla ya kuvipeleka juu. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ya Marekani ikaishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa kinyemela kwenye Linux. Kutokana na sekeseke hilo, mwaka 2004 ikawekwa desturi kwamba kila kiraka kibebe mstari wa sahihi: aliyekiandika na kila msimamizi aliyekipitisha, kwa majina yao, wakithibitisha kwamba wana haki ya kukitoa. Aprili 2005 Linus akaandika Git, daftari la kutunzia mabadiliko hayo yote. Hapo ndipo kauli ya fundi wangu ilipotoka.

Huku kwetu mambo yalifika kwa bahasha. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, Linux yenye jina ambalo Mbantu yeyote anaweza kulikisia maana, na mpaka mwaka 2011 kampuni yake ilikuwa inatuma sidii bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Kwa nchi ambayo intaneti ilikuwa ya kudonadona, sidii kwenye bahasha halikuwa jambo dogo. Desemba 2004 hiyohiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux uliosaidiwa na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyo huru. Huo nao ulikuwa uhakiki, tena wa nyumbani: watu wa kompyuta na watu wa lugha juu ya orodha moja ya maneno, hili lipite, hili halitaeleweka mtaani. Ukikutana na neno la Kiswahili la kompyuta linalokukera, jua kuna mtu alilitetea mezani.

Sasa tuingie kwenye kioo, maana ndicho kilichonileta. Kwa miaka mingi kwenye Linux kioo kilikuwa na makonda wawili mlango mmoja. Programu ya picha inayoitwa X ilikuwa inakwenda yenyewe kuiamuru chipu ya picha, na kerneli nayo ina njia zake. Picha inapepesa wakati wa kuwaka. Mashine ikilala, kuamka na picha yake ni bahati. Machi 2009, katika toleo la 2.6.29, kazi ya kupanga ukubwa wa picha ikahamishiwa ndani ya kerneli kwa kuanzia na chipu za Intel. Radeon zikafuata mwaka uleule. Februari 2010 ikaingia Nouveau, draiva ya chipu za Nvidia iliyoandikwa na watu wa nje kwa kukichunguza kifaa kinavyotenda, kwa sababu kampuni haikuwapa maelezo. Ni kama kujifunza lugha ya mtu asiyetaka kukufundisha, kwa kumsikiliza dirishani akizungumza na watoto wake. (Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Linus aliionyesha Nvidia kidole mbele ya kamera. Kipi, sikuambii, gazeti hili linasomwa na wadogo zetu.)

Neno alilolichapa fundi lilikuwa linauzima huo mpango wa 2009. Na tangu siku hiyo nikaelewa kwa nini wahakiki wa draiva za kioo ni wakali. Kiraka kibaya cha printa, utaona kosa limeandikwa kwenye kioo. Kiraka kibaya cha kioo, kosa utaliona wapi?

Kisa chenyewe ninachotaka kukusimulia kilianza Februari 2016. Harry Wentland wa kampuni ya AMD alituma msimbo mpya wa kuendesha vioo, wakati huo ukiitwa DAL. Hicho hakikuwa kiraka bwana, lilikuwa shuka zima, mistari inayokaribia laki moja. Na ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo watumiaji walivililia: sauti kupitia waya wa HDMI kwenye chipu mpya, vioo vikubwa vyenye picha laini. Mtu wa kawaida angesema pokea haraka, sema asante.

Wahakiki hawakusema hivyo. AMD walikuwa wameujenga msimbo ule utumike kwenye mifumo zaidi ya mmoja, pamoja na Windows, kwa hiyo waliweka tabaka la katikati. Msimbo wa ndani unaongea lugha ya AMD, kisha mkalimani mwembamba anaunganisha na kerneli. Kwa kampuni hiyo ni akili: unaandika mara moja, unauza kote. Kwa kerneli ni mwiba. Mtu baki akitaka kurekebisha kitu lazima kwanza ajifunze lugha ya kampuni. Kerneli ikibadilika, na inabadilika kila baada ya wiki tisa au kumi, tabaka lile linakuwa ukuta. Tangu mwanzo wakaambiwa: kazi nzuri, lakini kwa tabaka hilo haiingii. Wakapunguza, wakakata. Desemba 2016 Wentland akauliza, jamani tumefika wapi, tunaweza kuingia sasa?

Aliyejibu ni Dave Airlie, msimamizi wa sehemu yote ya picha, wakati huo akifanya kazi Red Hat. Jibu: hapana.

Jibu lile nimelisoma mara nyingi kuliko baadhi ya riwaya ninazodai kuzipenda. Silinukuu, nalieleza kwa maneno yangu. Kwamba sheria ya matabaka inajulikana na haikutungwa jana. Kwamba akiipitisha kampuni moja kwa sababu ni kubwa, kesho itakuja nyingine na tabaka lake, naye atakosa mdomo wa kuikatalia. Kwamba msimbo ukishaingia unakaa miaka, na kampuni ikichoka ikaondoka, watakaobaki kuubeba ni wale wasiokuwa na kampuni. Halafu, hili ndilo lililonigusa, alikiri wazi kwamba kazi yao ni nyingi na watumiaji wataikosa. Hakujifanya kwamba "hapana" yake haina gharama.

Alex Deucher wa AMD akajibu kwa uchungu. Kwamba timu ni ndogo. Kwamba chipu zina tarehe ya kuingia sokoni na haziwezi kumsubiri mtu. Kwamba kuandika kila kitu mara mbili ni kazi wasiyo na watu wa kuifanya. Kwamba mara nyingine jamii ile inazitaka kampuni zije, zikija inazifungia mlango. Nilipomsoma Airlie nilimpigia makofi. Nilipomsoma Deucher nilishusha mikono. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hilo kwenye kazi zetu za fasihi hatulioni mara nyingi: mhakiki na mhakikiwa wote wakiwa na hoja, na msomaji akaziona zote mbili.

Gharama ilikuja. Agosti 2017 AMD iliingiza sokoni kadi za Vega. Kerneli rasmi haikuwa na msimbo wa kuwasha vioo vyake. Mtu ametoa mamia ya dola, amechomeka kadi, inapiga hesabu kama mwehu, picha hakuna, mpaka atafute kerneli ya pembeni. Kioo cheusi kama changu, tofauti ni bei tu. AMD hawakususa. Waliendelea kukata, wakatupa vya kwao pale ambapo kerneli ilikuwa tayari na kifaa cha namna hiyo, jina likawa DC, na shuka likaingia katika toleo la 4.15 lililotoka tarehe 28 Januari 2018. Karibu miaka miwili kamili. Siku hizi draiva ya AMD ndiyo kubwa kuliko zote ndani ya kerneli, ina mamilioni ya mistari, ingawa sehemu kubwa ni orodha zilizozalishwa na mashine.

Miaka miwili yenye maelfu ya maneno. Mimi miezi kumi na moja bila neno. Nipe ile ya kwanza, hata kama inauma.

Na inauma kweli, tusidanganyane. Ukali wa jumuiya ile umewakimbiza watu. Linus mwenyewe alikuwa na kalamu ya matusi iliyojulikana dunia nzima, na Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika wiki kadhaa, na kanuni za maadili zikapitishwa. Sisi kwenye kijiwe chetu cha waandishi pale Kijenge tulijaribu kuiga utaratibu wao: mswada wa mwenzako hauusemi vibaya mpaka uandike sababu, uweke na sahihi. Wiki ya kwanza watu wawili wakanuniana. Wiki ya pili tukagundua kwamba nusu ya sababu zetu zilikuwa "haijanivutia", ambayo si sababu, ni hali ya tumbo.

Lakini uhakiki wa wazi una upofu wake, na hapa ndipo watu wa Arusha tunapoingia. Anayesikika ni aliyeko mezani.

Desemba 2012 ilikubaliwa kwamba chipu ya 386 iondolewe kwenye kerneli, na toleo la 3.8, Februari 2013, likatoka bila hiyo. Hiyo ndiyo aina ya mashine iliyozaa Linux yenyewe, na baba mtu hakumwaga chozi. Ikaja tarehe 23 Aprili 2023, toleo la 6.3. Humo draiva saba za picha za kizamani zilitolewa kwa mpigo: i810, mga, r128, savage, sis, tdfx na via, nyingi ni za chipu za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Sababu ziliandikwa vizuri. Zilijengwa kwa ramani ya kabla ya 2009, ile ya makonda wawili, zina matundu ya usalama, hakuna anayezitunza, hakuna anayejulikana kuzitumia. Na niseme haki, mwenye chipu hizo hakuachwa gizani. Picha bado inakuja, kilichopotea ni ule msaada wa kuchora haraka vitu vya michezo na mfano wake.

Sina ugomvi na hizo sababu isipokuwa hiyo ya mwisho. Wanajuaje kwamba hakuna anayetumia? Wanauliza, kwa Kiingereza, kwa barua pepe ya wazi, wanasubiri. Ukimya ukizidi, wanauhesabu kuwa ni jibu. Lakini mwenye duka la kuchapa barua kule Mbauda hajui kwamba kuna swali limeulizwa. Shuleni kwetu kulikuwa na chumba chenye kompyuta kumi na mbili za msaada zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi, na mlinzi wa funguo alikuwa mwalimu wa Kilimo. Nani pale angejibu barua ya mtu wa Ujerumani anayeuliza kama chipu fulani bado iko kazini? Vyombo vinaishia Ulaya vikianza maisha ya pili huku, na hayo maisha ya pili hayana mwakilishi kwenye kikao.

Nilimweleza fundi hasira zangu. Akanisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye feni.

"Sasa chalii, ungekuwa wewe, ungeitunza bure draiva ambayo kifaa chake huna?"

Nikakosa la kumjibu, maana mimi hata mswada wa jirani nauweka wiki mbili kabla sijaufungua.

Akanifundisha namna ya kumtafuta aliyeharibu. Kati ya kerneli yangu ya zamani iliyokuwa nzima na ile mpya iliyotia giza kulikuwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi. Huyasomi yote. Unachukua la katikati, unajenga kerneli ya hapo, unawasha. Kioo kikiwaka, kosa liko nusu ya juu. Kisipowaka, liko nusu ya chini. Unakata tena, na tena. Elfu kumi na sita zinakwisha kwa hatua kumi na nne tu, hesabu ya kidato cha pili. Ila kila hatua ni kujenga kerneli nzima, na hata kwa mashine ya fundi iliyo na nguvu tulikuwa tunaiacha usiku, umeme ukikatika tunaanza upya. Ilituchukua wiki tatu.

Tukakifikia kiraka. Mistari kumi na tisa. Kina jina la aliyekiandika, la aliyekihakiki na la aliyekipitisha. Nikasoma mabishano yake, na humo mhakiki ameuliza kabisa: chipu za zamani je? Mwenzake akajibu kwamba amejaribu kwenye alizonazo. Ndiyo hivyo. Hakuna aliyenidharau. Hawakuwa na kompyuta yangu, basi.

Nikaandika barua kwa Kiingereza cha kidato cha nne, nikaweka jina la chipu na namba ya kiraka. Baada ya siku mbili nikajibiwa. Wakaomba kumbukumbu za mashine, nikatuma. Wakaleta kiraka cha kujaribu. Tukajenga, tukawasha, herufi zikarudi umbo lake, mimi na fundi tukapigana mabega pale dukani hadi wateja wakatushangaa. Kesho yake mhakiki mwingine akakikataa. Akaeleza kwa mistari minne kwamba kinaniponya mimi na kitaziumiza kompyuta za mapajani zenye chipu mbili. Nilisoma ile mistari mara tatu natafuta pa kumshika. Sikupaona.

Toleo la pili nalo likarudishwa. La tatu likapita, wiki ya saba. Kufikia hapo sura ya tisa nilikuwa nimeshaimaliza kwa zile herufi za bango, maneno sita kwa mstari, na imetoka fupi kuliko nilivyopanga. Niliichapa nikampa mwenzangu mmoja wa kijiweni. Ameirudisha juzi ikiwa na wino mwekundu mpaka nyuma ya karatasi, na chini kabisa ameweka sahihi. Nimefika ukurasa wa nne.